Udongo Tahiri na Udongo Salama: Amana ya Shamba Mbele ya Sumu ya Metali

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, kila mtoto aliyepita chuoni alianza elimu ya fiqhi kwa mlango wa tahara. Humo alifundishwa kwamba maji yakikosekana, au mtu akiwa mgonjwa asiyeweza kuyagusa, udongo safi hushika nafasi yake, naye hutayamamu kwa huo akasali. Alifundishwa pia kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Masahaba walitaka kumkemea, Mtume akawazuia, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale mahali. Jambo likaishia hapo. Ardhi ikarudi katika utahiri wake kwa ndoo moja.

Leo uko uchafu mwingine uingiao ardhini, ambao ndoo moja haiuondoi, wala ndoo elfu. Si najisi kwa istilahi ya mafakihi, kwa hivyo udongo wenye uchafu huo waweza kuwa tahiri. Lakini si salama. Nao ni uchafu wa metali nzito: risasi, kadimiamu, zebaki na wenzao. Makala haya yanaueleza uchafu huo, namna unavyoingia katika mashamba na nyua zetu, na wajibu wa familia ya Kiislamu juu yake.

Metali zisizooza

Mwenyezi Mungu ameziweka metali katika miamba kwa kipimo. Baadhi yake mwili wa binadamu unazihitaji kwa kiasi kidogo, kama vile chuma, shaba na zinki. Nyingine hazina kazi yoyote mwilini ila kudhuru. Risasi ni ile metali nzito na laini ambayo wavuvi wetu huyeyusha kutengeneza chubwi za nyavu, na ambayo hujaa ndani ya betri za magari. Kadimiamu hutoka pamoja na zinki machimboni. Zebaki ni ile ya majimaji itumikayo na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Aseniki, ingawa wataalamu hawaiiti metali halisi, huhesabiwa pamoja nazo kwa sababu ya sumu yake.

Tofauti ya sumu hizi na uchafu mwingine ni kwamba hazioza. Kinyesi, mizoga na mabaki ya vyakula huvunjwavunjwa na vijidudu vya ardhini mpaka vikageuka mbolea. Hata mafuta yaliyomwagika hupungua kwa miaka. Metali haina cha kuvunjwa. Ukiichoma, inageuka moshi na majivu, kisha hurudi chini na kutua kwenye udongo wa jirani. Risasi, mathalani, hushikamana na tabaka la juu la udongo, kina cha shubiri moja hivi, na yaweza kukaa humo kwa karne nyingi. Na hiyo shubiri moja ndiyo tunayolima, ndiyo kuku wanayoparua, na ndiyo watoto wanayochezea.

Njia za kuingia kwake ni nyingi. Ziko karakana zinazovunja betri chakavu na kuyeyusha risasi. Yako majaa ambamo betri, taa na vifaa vya umeme hutupwa pamoja na maganda ya ndizi, kisha jaa likichakaa watu hupanda mchicha juu yake kwa kuona udongo mweusi wenye rutuba. Wako vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Yako maji taka ya viwandani yanayoelekezwa mashambani wakati wa kiangazi, rangi za zamani zinazobanduka kutoka kutani, na baadhi ya mbolea za fosfeti ambazo hubeba kadimiamu kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Uko pia urithi wa barabara. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, lakini iliyotoka kwenye mabomba ya magari kwa miongo mingi kabla ya hapo haikwenda popote. Sehemu yake ingali kando ya barabara kuu.

Mashamba ya Mto Jinzu

Mwenye kudhani kwamba mambo haya ni ya kutishana na atazame Japani. Katika mkoa wa Toyama unapita Mto Jinzu, ambao wakulima waliutumia tangu zamani kunyweshea majaruba ya mpunga. Juu ya mto, huko Kamioka, palikuwa na machimbo ya zinki na risasi. Mabaki ya machimbo yenye kadimiamu yaliingia mtoni, mto ukayapeleka mashambani, na mpunga ukayafyonza.

Wanakijiji walianza kuugua ugonjwa usioeleweka. Waathirika wengi walikuwa wanawake wa makamo waliokwisha kuzaa watoto kadhaa. Figo ziliharibika, mifupa ikalegea kiasi cha kuvunjika kwa kukohoa tu. Ugonjwa ukapewa jina la kilio chao, itai-itai, maana yake kwa Kijapani "inauma, inauma". Kwa miaka mingi walidhaniwa wana ugonjwa wa kawaida wa mifupa, na wengine wakasema ni adhabu ya dhambi zao. Tabibu mmoja wa hapo, Hagino Noboru, alishikilia kwamba chanzo ni machimbo, akapingwa na kubezwa. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri kwamba kadimiamu ndiyo iliyosababisha. Wagonjwa walishtaki mwaka huohuo, wakashinda mwaka 1971, na rufaa ya kampuni ikakataliwa mwaka 1972.

Lakini hukumu ya mahakama haikuusafisha udongo. Kazi ya kurudisha mashamba yale, kwa kuuzika udongo wenye sumu na kutandaza udongo safi juu yake, ilichukua zaidi ya miaka 30 na kukamilika mwaka 2012. Eneo lake lilikuwa hekta 860 hivi, yaani zaidi ya ekari 2,000, na gharama ilizidi yen bilioni 40. Hiyo ni nchi tajiri yenye mitambo na wataalamu. Je, sisi wenye jembe na toroli?

Zamfara: sumu ndani ya ua

Kisa cha pili kinatuhusu kwa ukaribu zaidi, kwa kuwa kiliwafika ndugu zetu Waislamu wa Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Bei ya dhahabu ilipopanda, wanakijiji walichimba mawe yenye dhahabu na kuyapeleka nyumbani kuyasaga. Wanawake, ambao kwa desturi ya kule hukaa ndani ya nyua zao, walishiriki kazi hiyo huku wakilea. Mashine zilezile za kusagia nafaka zilitumika kusagia mawe. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi mno. Vumbi likatanda katika nyua, visimani na vyakulani.

Mapema mwaka 2010 madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikuta watoto wakifa kwa degedege. Inakadiriwa kwamba watoto wasiopungua 400 walifariki katika miezi michache. Wazee wao walikuwa wakitafuta riziki ya halali kwa mikono yao, na hawakujua kilichokuwa ndani ya lile vumbi. Dawa za hospitali pekee hazikutosha, kwa sababu mtoto aliyetibiwa alirudi katika ua uleule. Ikabidi kwanza udongo wa juu ukwanguliwe kijiji baada ya kijiji, upelekwe kuzikwa mbali, na udongo safi utandazwe.

Owino Uhuru, mlangoni petu

Wala hatuhitaji kusafiri. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mapaa, na maji machafu yalipita vichochoroni. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi damuni, akaanza kupigania mtaa wote. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015.

Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Wenye kiwanda hawakubebeshwa lawama peke yao. Vyombo vya serikali vilivyopaswa kusimamia navyo vilionekana kuwa na makosa. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi Desemba 2024. Zingatieni hesabu hii: kiwanda kilifanya kazi miaka saba, lakini kesi, maradhi na udongo vimedumu zaidi ya hapo, na kila mtoto aliyezaliwa mtaani hapo baada ya lango kufungwa amekuta udongo uleule.

Makusudio matano ya sharia

Maulamaa wetu, miongoni mwao Imamu Ghazali (r.a.), wameeleza kwamba sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tukiipima sumu hii kwa mizani hiyo, tutaona uzito wake.

Nafsi hudhurika, kwa kuwa risasi hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo za watu wazima, na kwa wingi wake huua watoto. Akili hudhurika zaidi. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile afyonzacho mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Mtoto huyo haonekani mgonjwa. Huonekana mzito wa kuhifadhi, mwenye hasira, asiyetulia darasani. Yamkini yuko mmoja tuliyempa jina la mvivu, naye ametiwa sumu. Kizazi hudhurika, maana risasi hujificha katika mifupa ya mwanamke kwa miaka, kisha wakati wa mimba hutoka pamoja na chokaa ya mifupa na kumfikia mtoto tumboni. Mali hudhurika, kwa kuwa shamba lililotiwa sumu halina thamani ya kuuzwa wala kurithiwa.

Imebaki dini. Nayo imo, kwa kuwa ardhi ni amana, na kuivunja amana ni kuivunja dini. Miongoni mwa kanuni kuu za fiqhi ni kwamba madhara hayaruhusiwi, na kwamba kuzuia ufisadi kunatangulia kutafuta manufaa. Kwa sumu isiyooza, kanuni hii ya pili si hiari. Kuzuia ndiyo tiba pekee iliyo katika uwezo wetu.

Mwenye kiwanja na mwenye soko

Yako maswali mawili ambayo hayana budi kujibiwa wazi.

La kwanza ni la mwenye kiwanja. Anakuja mtu na fedha taslimu, anataka kukodi uwanja nyuma ya nyumba au kando ya shamba ili avunje betri na kuyeyusha. Kodi ni nzuri kuliko mahindi. Je, inafaa? Anayejua madhara ya kazi hiyo akampa mahali kwa jirani zake amekuwa mshirika katika madhara hayo, na kodi aipatayo haina baraka. Haki ya jirani ni kubwa katika dini yetu, na jirani wa shamba ni pamoja na yule atakayezaliwa miaka 50 ijayo. Wasimamizi wa ardhi za wakfu jambo hili linawahusu zaidi. Mwenye kuweka wakfu alikusudia sadaka yenye kuendelea baada ya kufa kwake. Ikitiwa risasi, kinachoendelea ni madhara.

La pili ni la mkulima. Mtu ana kijishamba juu ya jaa la zamani, analima mchicha na kuupeleka sokoni. Sote twajua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye kuuficha. Ile ilikuwa aibu ya bidhaa inayogusika kwa vidole. Risasi katika mchicha haionekani, hainuki, haina ladha, na haiondoki kwa kupikwa. Kwa hivyo mnunuzi hana kinga ila uaminifu wa muuzaji. Mwenye kujua kwamba udongo wake una sumu akauza mboga zake kwa kunyamaza amefanya udanganyifu. Asiyejua lakini ana sababu nzito ya kushuku, ni juu yake kuuliza na kupima kabla hajalisha watu.

Wala hatusemi haya kwa kumkandamiza mnyonge asiye na ardhi nyingine. Tunasema abadilishe anachopanda na namna ya kupanda, kama ifuatavyo.

Yaliyo katika uwezo wa familia

Kwanza, ijueni historia ya ardhi kabla ya kununua, kukodi au kulima. Waulizeni wazee wa mtaa: je, hapa palikuwa karakana, jaa, kituo cha petroli, au mahali pa kuchoma nyaya? Penye shaka, udongo upimwe. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, lina kituo Mtwapa, na maafisa wa kilimo wa kaunti waweza kuwaelekeza penye maabara. Mwombe upimaji wa metali nzito kwa jina lake, kwa kuwa upimaji wa kawaida wa rutuba hauzioneshi.

Pili, chagueni mazao. Mboga za majani kama mchicha, sukuma wiki na kisamvu, na mazao ya mizizi kama muhogo na viazi, hubeba sumu zaidi, ama kwa kuifyonza au kwa vumbi linaloshika. Mazao ya matunda kama bamia, nyanya, biringani na maembe kwa kawaida hubeba kidogo zaidi. Kando ya barabara kuu pandeni uzio wa miti, na mboga ziwe mbali.

Tatu, tiani ardhini mboji na samadi zilizo safi, si taka za jaa. Mboji huishika risasi isipande kwenye mimea kwa urahisi. Udongo wenye uchachu hupandisha kadimiamu, kwa hivyo chokaa kwa kipimo cha mtaalamu husaidia. Dawa hizi haziondoi sumu, bali huifunga. Penye sumu nyingi, limeni katika magunia au vitalu vilivyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali salama.

Nne, linzeni nyumba. Ile desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni kinga kubwa, tusiiache. Pigeni deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi likapaa. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na mboga na mizizi vioshwe vizuri na kumenywa. Fundi wa betri na mwenye kuyeyusha risasi wabadilishe nguo kabla ya kumkumbatia mtoto. Mvuvi asiyeyushe risasi ya chubwi jikoni, wala katika chombo cha kupikia.

Tano, kina mama wajawazito waache kutafuna udongo. Tunajua hamu hiyo ni ya kweli, na mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Basi iwe sababu ya kwenda kliniki, kwa kuwa atafunaye udongo hujui umechimbwa wapi. Mwili wenye chuma na kalisi ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Kwa hivyo maziwa, kunde, na dagaa walao na mifupa yao ni kinga iliyo karibu.

Sita, semeni mapema. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kulazimika kuonesha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Moshi wa kwanza wa karakana unapoonekana mtaani, kamati ya msikiti, wazee wa mtaa na walimu wa madrasa wakutane na kuandika barua kwa mamlaka ya mazingira. Kuzuia tanuri lisiwashwe ni kazi ya wiki chache. Kuusafisha udongo baada yake, tumeona kule Toyama, ni kazi ya umri mzima.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala kwake mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Fadhila hiyo imesimama juu ya jambo moja, kwamba kinacholiwa ni chakula. Basi na tuilinde ardhi ili kile tunachokipanda kwa nia ya sadaka kisije kikawa sumu mikononi mwa wajukuu zetu.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika ardhi yetu na katika mazao yake, uwakinge watoto wetu na madhara tunayoyajua na tusiyoyajua, uwaponye waliokwisha kudhurika, na utupe nguvu ya kuitekeleza amana uliyotukabidhi. Amin.